Celica ya Isamilo na hesabu ya gari la toleo maalumu

Mtu anayeniita nimkadirie gari la michezo la toleo maalumu karibu kila mara huanza na idadi. Kabla sijafungua mlango wa gari ananiambia kwamba yalitengenezwa mia nne tu, au elfu mbili tu, na kwamba kwa sababu hiyo bei haiwezi kushuka chini ya kiasi alichokwisha kukiweka moyoni. Ninamsikiliza, kwa kuwa idadi ni sehemu ya kazi yangu, lakini miaka niliyofanya tathmini ya magari hapa Mwanza imenifundisha kuwa uchache peke yake hauuzi gari. Kinachouzwa ni uthibitisho kwamba gari hili ni mojawapo ya yale machache, na kinachoamua bei ni umbali uliopo kati ya gari lenyewe na mtu anayelitafuta. Mwendo, muungurumo wa injini na sifa za vijiweni huja baada ya hayo mawili.

Nilianzia kwenye ufundi wa bodi huko Nyakato, nikinyoosha mabati na kupuliza rangi, ndipo nikahamia kwenye ukaguzi wa magari kwa ajili ya bima, mikopo na mirathi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Noah, Probox, Hiace na malori ya Fuso, magari ambayo bei yake anaijua kila dalali kuanzia Buzuruga hadi Kirumba. Ukikosea bei ya Probox, soko litakusahihisha kabla ya jioni, maana nyingine nyingi zinauzwa mtaa wa pili. Gari la toleo maalumu halina msahihishaji wa karibu. Huenda likawa peke yake katika mkoa mzima, na yeyote anayetaja bei yake anaitaja bila kupingwa, jambo ambalo limewaumiza wauzaji na wanunuzi kwa kiwango kilekile.

Idadi nayo ina historia, na mtathmini asiyeijua hawezi kuipima. Toyota Celica GT-Four ya umbo la ST185 ilikuwa na toleo lililotengenezwa magari 5,000 kwa sababu kanuni za mashindano ya rali za kundi A zilidai idadi hiyo ya magari ya barabarani kabla kiwanda hakijaruhusiwa kushindana nalo. Japan toleo hilo liliitwa GT-Four RC, na Ulaya likapewa jina la Carlos Sainz, Mhispania aliyekuwa bingwa wa dunia wa rali mwaka 1990 akiendesha Celica. Celica iliyofuata, ST205 ya mwaka 1994, ilikuja wakati kanuni imeshuka hadi magari 2,500, na kiwanda kikatengeneza 2,500 za toleo lake maalumu. Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998 haikulazimishwa na kanuni yoyote ya namna hiyo: ilikuwa kumbukumbu ya miaka 40 ya Subaru na ya ubingwa wa dunia wa rali wa watengenezaji ilioutwaa mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Magari 400 yaliuzwa Japan, na machache yakapelekwa Uingereza na Australia.

Kwa hesabu ya uchache peke yake, 22B inaiacha Celica mbali. Lakini kwa watu wa pande zetu Celica ina kitu ambacho Impreza haikukipata kwa wingi huohuo, nacho ni rali ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hata baada ya kubaki Kenya pekee, watu wa kanda ya ziwa waliendelea kuyafuatilia redioni kana kwamba yanapita mlangoni mwao. Celica GT-Four ilishinda Safari mwaka 1992, 1993, 1994 na 1995, na ushindi wa 1994 ulikuwa wa Ian Duncan, Mkenya. Mzee aliyefuatilia matokeo hayo miaka ile humwambii kwamba Celica ni gari la kawaida. Mapenzi hayo yana thamani ya fedha, na ninayaingiza kwenye hesabu, ila nayaingiza kwa kipimo.

Gari lililonifundisha mengi kuliko yote lilikuwa Celica ya namna hiyo, iliyodaiwa kuwa GT-Four RC, iliyokuwa imeegeshwa kwenye banda la nyumba moja ya Isamilo. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa minofu ya sangara, aliyeagiza gari hilo kutoka Japan wakati biashara hiyo ilipokuwa imechangamka, na alikuwa amefariki. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi, na aliniita kwa sababu kaka zake wawili walikuwa wamefikia mahali pa kutosalimiana. Mmoja aliamini gari lile linalingana na kiwanja Nyegezi pamoja na nyumba juu yake. Mwingine alikuwa amepata fundi wa Dar es Salaam anayetaka injini na giaboksi tu, na alitaka bodi ipimwe kilo iuzwe chuma chakavu. Nilipomwamkia mama yao, aliitikia kisha akaniambia: “Baba, mimi sitaki kubwa wala dogo. Nataka bei ambayo nikiitaja mahakamani na nikiitaja mbele ya mnunuzi iwe moja.” Nimepewa maelekezo mengi ya kazi na mabenki na makampuni, lakini hayo ya mama yule ndiyo yaliyo sahihi kuliko yote.

Kanuni yangu ni kuanza na utambulisho kabla ya hali. Gari lililochakaa linaweza kutengenezwa. Gari ambalo si lile linalodaiwa kuwa, hakuna fundi atakayelifanya kuwa lile. Kwenye Celica ile nilisoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, nikailinganisha na kadi ya gari, kisha na cheti cha Japan cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambacho marehemu alikuwa amekihifadhi kwenye bahasha pamoja na karatasi za bandari. Cheti hicho ni cha thamani kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu kinataja namba ya chesisi, aina ya gari na mwezi liliposajiliwa mara ya kwanza, tena kilitolewa na mtu asiye na maslahi katika mauzo ya leo. Nilichunguza pia chuma kinachoizunguka namba: kama kimechomelewa, kama kimepigwa randa, kama rangi yake ni tofauti na ya pembeni. Kilikuwa safi. Bati dogo la kiwandani lililo karibu nalo, lenye msimbo wa rangi, wa vitambaa vya ndani, wa giaboksi na wa ekseli, nalo lilikubaliana na nilichokiona kwa macho.

Hapo nilikuwa nimethibitisha kwamba ni ST185. Sikuwa bado nimethibitisha kwamba ni RC. Tofauti kubwa ya toleo lile iko kwenye kipozeo cha hewa inayosukumwa na turbo kuingia kwenye injini, ambacho mafundi wetu hukiita intakula. ST185 ya kawaida hupoza hewa hiyo kwa upepo unaoingia kupitia boneti. RC huipoza kwa maji, yenye rejeta yake ndogo mbele na pampu yake. Boneti nayo ina matundu ya umbo tofauti. Boneti niliyoikuta ilikuwa ya RC, lakini boneti hufunguliwa kwa spana na kuhamishwa kwa mchana mmoja. Chini yake palikuwa na intakula kubwa ya kununua, ya upepo, iliyofungwa nyuma ya bampa kwa mabomba ya aluminiamu, kama ile wanayoifunga vijana wanaotaka mlio wa kupumua.

Mnunuzi makini angekunja daftari lake pale. Mimi niliinama mbele, nikamulika tochi, nikaona vishikizo vya rejeta ndogo vikiwa bado mahali pake, chini ya rangi ileile ya kiwandani, bila alama ya kuchomelewa. Nikamuuliza kijana mdogo wa familia kama anakumbuka gari likifanyiwa kazi. Alikumbuka kwamba pampu ilivuja, fundi akasema haipatikani, akafunga mfumo mwingine. Vya zamani vilikwenda wapi? Tulivikuta stoo, nyuma ya nyavu kuukuu na magunia: intakula ya maji, rejeta yake, pampu iliyokufa, boksi la chujio la hewa na bomba la moshi la asili. Marehemu hakuwa mtu wa kutupa vitu. Tabia yake hiyo iliongeza bei ya gari kuliko chochote alichowahi kulifanyia gereji, na nilimwambia binti yake hivyohivyo, tukaviandika kimoja kimoja na kuvipiga picha kabla havijaondoka mahali pale.

Tangu hapo ninawasihi wenye magari ya namna hii wasimwachie fundi kifaa cha asili kilichotolewa, hata kikiwa kimekufa. Mabadiliko yaliyofungwa kwa bolti yanarudishika, na mnunuzi atapunguza gharama ya kurudisha tu. Mabadiliko ya kukata na kuchomelea, kama kupanua matao ya magurudumu, kutoboa sakafu kwa ajili ya vyuma vya usalama, au kufuta mahali pa betri, hayarudi, na hapo mnunuzi hapunguzi gharama bali anaondoka. Inaniuma kuona kijana mwenye gari ambalo mengine kama hilo yamebaki machache duniani akilikata kwa jiwe la grainda ili lifanane na picha aliyoiona kwenye simu.

Kesi ya pili inayofaa kusimuliwa ni ya bwana mmoja kutoka Musoma, aliyekuja na Impreza ya milango miwili, rangi ya buluu, rimu za dhahabu, matao mapana, na kibati chenye namba ndani. Alikuwa ameinunua kama 22B, na alitaka kuiwekea dhamana ya mkopo. Lilikuwa gari zuri, lililotunzwa, na alilipenda kwa dhati. Nilimwomba kadi ya gari kabla ya kuligusa. Ujazo wa injini ulioandikwa ulikuwa sentimita za ujazo 1,994. Injini ya 22B ni ya lita 2.2, yaani 2,212, na inasemwa ndiyo iliyolipatia gari jina lake. Kuna Impreza nyingine ya milango miwili ya miaka ileile, WRX Type R, yenye injini ya lita mbili, na huko duniani nyingi zimevikwa matao mapana ili zifanane na 22B, maana kwa mbali kinachozitofautisha ni upana: 22B ina milimita 1,770 na ile nyingine 1,690. Namba ya chesisi ilithibitisha kilichosemwa na kadi. Type R ni gari linaloheshimika kwa haki yake, na lingebaki na bei nzuri kama lisingevalishwa jina la jirani yake. Lakini baada ya matao kukatwa na kibati kubandikwa, halikuwa tena Type R ya asili wala halikuwa 22B, na ripoti yangu ililazimika kuliweka chini ya yote mawili. Kadi ile ilikuwa kwenye droo ya gari siku aliyolinunua.

Nirudi Isamilo, kwa sababu palikuwa na dai la tatu. Kaka mkubwa alisema gari lile lilishindana Safari. Dai kama hilo likithibitika hubadilisha kila kitu: mwaka 2023 gari la mfano la 22B lililowahi kumilikiwa na Colin McRae, bingwa wa dunia wa mwaka 1995 na mshindi wa Safari ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, liliuzwa mnadani Uingereza kwa paundi 480,500. Fedha hizo zililipwa kwa ajili ya mnyororo wa karatasi unaolifunga gari lile na mtu yule. Gari la mashindano huacha alama: kitabu chake cha ukaguzi, matundu ya vyuma vya usalama, viimarisho vilivyochomelewa chini, picha zinazoonyesha namba ya usajili. Celica ya Isamilo haikuwa na hata kimoja, na zulia la sakafu yake lilikuwa halijawahi kutobolewa. Nilimweleza kaka mkubwa kwamba sikatai simulizi ya baba yake, ila kwenye tathmini simulizi isiyo na karatasi huandikwa sifuri. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema heri sifuri ya kuandikwa kuliko kuja kuitwa mwongo na mnunuzi.

Hali ya gari niliipima kwa mpangilio nilioutoa kwenye ufundi bodi. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo ambacho kimenilipa gharama yake mara nyingi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa kati ya maikromita 80 na 150. Ukiona kipimo kimepita 300, jua bati hilo limepigwa rangi tena, na likizidi sana, chini yake kuna pati ya kujazia mabonde. Celica ilisoma rangi ya kiwandani kila mahali isipokuwa ubavu wa nyuma wa kushoto, ambao ulikuwa umegongwa na kunyooshwa vizuri. Ubavu mmoja ulionyooshwa hauliui gari la miaka thelathini. Kinacholiua ni ubavu uliofichwa.

Kutu ilinihangaisha zaidi. Watu hudhani kwamba gari lililoishi kando ya ziwa limeoza kwa chini, lakini maji ya ziwa letu hayana chumvi, na magari yaliyokaa Mwanza mara nyingi huwa na chini safi kuliko yaliyokaa Dar es Salaam au Zanzibar. Kutu mbaya niliyoikuta kwenye magari ya Japan hapa ilitoka nayo kwao, kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kwa hiyo huangalia maungio ya saspensheni, ndani ya matao ya nyuma na kingo za sakafu kwanza, na kama karatasi ya mnada wa Japan ipo, hutafuta herufi S, ambayo ni alama yao ya kutu, pamoja na W ya bati lililorekebishwa na XX ya kipande kilichobadilishwa. Celica ile haikuwa na karatasi ya mnada, ila chini yake ilikuwa na vumbi jekundu na mafuta ya zamani, hakuna tabaka linalobanduka.

Kilometa zilionyesha zaidi kidogo ya 86,000. Sikuzikubali kwa kuzisoma tu. Mpira wa kanyagio la klachi, ukingo wa kiti cha dereva na ngozi ya usukani vililingana nazo, na stika ya Kijapani ambayo hubandikwa kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi ukishabadilishwa haikuwepo, jambo linaloendana na gari ambalo halijafika kilometa 100,000, kiwango cha kubadilisha mkanda huo. Lakini mkanda wa mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Nilikataza lisiwashwe mpaka ubadilishwe, tangi la mafuta lisafishwe na injini izungushwe kwa mkono kwanza. Baada ya hapo mgandamizo wa silinda zote nne ulilingana vizuri, na shafti ya turbo haikuwa imelegea kwa kiasi cha kutisha. Matairi, betri na vioo vya taa niliviandika kwa mstari mmoja, kwani hivyo hununuliwa dukani.

Sasa bei. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, na nitaeleza kwa nini. Mtu hufungua simu, akaona gari la toleo hilo linatangazwa Ulaya kwa kiasi fulani, akakizidisha kwa kiwango cha kubadilisha fedha, akaandika. Bei inayotangazwa ni matumaini ya muuzaji. Ninachokitafuta ni bei iliyolipwa, na chanzo chake kizuri ni matokeo ya minada ambako gari liligongewa nyundo. Nikishaipata, huuliza swali lililo gumu zaidi: je, mnunuzi yule anaweza kulifikia gari hili likiwa Mwanza?

Tazama tulipo. Nchi tatu zinagusa ziwa hili. Kenya haisajili gari lililotumika nje likiwa na umri unaozidi miaka minane, na Uganda imeweka kikomo cha miaka 15, kwa hiyo gari la mwaka 1991 haliwezi kuuzwa Kisumu wala Kampala kwa matumizi ya barabarani hata kama mnunuzi yuko tayari na fedha mkononi. Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia, ambako usukani wa kulia ni tatizo. Mnunuzi, basi, ama yuko Tanzania, ama yuko mbali sana: Uingereza, ambako usukani ni wa upande wetu, au Marekani, ambako gari la nje lisilokidhi kanuni zao huruhusiwa likitimiza miaka 25 tangu mwezi lilipotengenezwa. Kanuni hiyo ya Marekani ndiyo iliyopandisha bei za magari mengi ya michezo ya Japan, na kila mwenye gari la namna hiyo anapaswa kuijua. Lakini kati ya Isamilo na mnunuzi huyo kuna lori la kulibeba hadi Dar es Salaam, gharama za bandari, meli, kodi za huko, kamisheni ya mnada, na punguzo analojipa mnunuzi kwa sababu hakuja kuligusa mwenyewe.

Kuna na jambo ambalo familia nyingi hazilioni: kodi iliyokwisha kulipwa. Kwa viwango ninavyovitumia kwenye hesabu, gari lililotumika, lenye umri wa zaidi ya miaka kumi na injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ujazo wa injini na asilimia 30 kwa umri, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Ukizipanga, gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 20 linakaribia milioni 40 kabla ya tozo ndogondogo. Mnunuzi wa Arusha analiona hilo kama faida, kwa sababu likija lingine atalipa yeye. Mnunuzi wa London halimhusu hata kidogo. Kwa hiyo gari lilelile lina sakafu mbili tofauti za bei, na mtathmini anayechanganya bei ya nje na kodi ya ndani anajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kwenye ripoti ya mirathi nilitoa bei tatu zilizofafanuliwa. Ya chini ilikuwa ya gari kuvunjwa spea, ile ya fundi wa injini, niliyoiandika ili familia ione wanachopoteza wakiichagua. Ya kati ilikuwa ya kuuza ndani ya nchi kwa mtu anayelijua gari. Tuseme, kwa kueleza hesabu tu, GT-Four ya kawaida yenye afya inauzika nchini kwa milioni 30: RC iliyothibitishwa niliiongezea robo, nikatoa gharama ya kurudisha mfumo wa maji, kununua pampu na kufufua gari lililolala. Robo hiyo wengine wataiona ndogo. Sikuweza kuweka zaidi kwa dhamiri safi, kwa kuwa wanunuzi wa Tanzania wanaolipia tofauti ya RC na GT-Four ya kawaida ni wachache, na wengi wanaokuja kuliona huuliza kwanza linakula mafuta kiasi gani na spea zake zinapatikana wapi. Ya juu ilikuwa ya soko la nje, baada ya makato yote, ikiwa na onyo kwamba inahitaji subira na fedha za kutangulia ambazo mirathi haikuwa nazo.

Nilimwambia binti yule bei ya kati ndiyo ninayoisimamia, mahakamani na mbele ya mnunuzi. Kaka mkubwa aliiona ndogo, mdogo aliiona kubwa, na mama akauliza kama mnunuzi wa bei hiyo yupo kweli au ni wa kwenye karatasi. Lilikuwa swali la haki. Nilimpeleka kwa watu wa Arusha na Moshi wanaoshiriki rali za ndani, nikawatumia picha za namba ya chesisi, za vishikizo vya rejeta, za ubavu ulionyooshwa na za vifaa vya stoo, bila kuficha chochote, na bila picha hata moja ya gari likiwa limeng'arishwa.

Aliyelinunua alikuja na fundi wake, akaanza palepale nilipoanzia: kwenye ukuta wa injini, akiwa na cheti cha Japan mkononi. Alikata kidogo kwa ajili ya matairi na mabushi yaliyokauka, akalipa kilichobaki karibu sana na bei ya kati. Hakujadili ubavu wa kushoto, kwa sababu alikuwa ameuona kwenye picha kabla hajapanda basi. Alichosisitiza ni kwamba vifaa vya stoo viorodheshwe kwenye mkataba wa mauziano, kila kimoja kwa jina, na orodha hiyo isainiwe na msimamizi wa mirathi. Pampu iliyokufa iliorodheshwa pia. Kadi ilibadilishwa jina, fedha zikaingia kwenye akaunti ya mirathi, na Celica ikapakiwa kwenye lori pamoja na magunia yake.